Bahari ya pamoja ni nini, na Iringa inahusikaje?

Pale Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, mto Ruaha Mdogo unapita kando ya bustani za mboga. Asubuhi moja nilimkuta kijana anasuuzia mtoni bomba lake la kupulizia dawa ya nyanya. Tukasalimiana, "Kamwene," kisha nikamuuliza maji yale yanaenda wapi.

"Yanaenda Mtera, kaka."

Ni kweli, ila hayaishii hapo. Toka bwawa la Mtera, Ruaha Mkuu, mto unaoupokea Ruaha Mdogo, unashuka hadi Kidatu, unaingia Rufiji, na Rufiji unamwaga Bahari ya Hindi mkabala na Mafia, kwenye delta yenye msitu wa mikoko mkubwa kuliko wowote Afrika Mashariki. Mabwawa ya njiani huzuia tope jingi, lakini dawa iliyoyeyuka ndani ya maji si tope.

Bahari ile ina wenyewe wengi. Kisheria kila nchi ya pwani ina sehemu yake: maili 12 za baharini ni himaya yake, na hadi maili 200 ina haki ya kuvua na kutumia mali iliyomo. Tatizo ni kwamba mipaka hiyo imechorwa juu ya maji yanayotembea. Karibu na mpaka wetu na Msumbiji kuna mkondo unaopanda kaskazini kuelekea Kenya mwaka mzima, na msimu wa kusi unashika kasi. Mayai ya samaki yanakwenda nao, na taka vilevile. Ndiyo maana ya bahari ya pamoja: nchi zimegawana eneo, lakini uzima wake haugawanyiki.

Ushirikiano wa kikanda, basi, ni nchi hizo kuwekeana ahadi kwa maandishi jinsi ya kuitunza. Huku kwetu ahadi hiyo ni Mkataba wa Nairobi, uliopitishwa 1985 na kuanza kutumika 1996. Wanachama ni 10: Somalia, Kenya, Tanzania, Msumbiji, Afrika Kusini, Komoro, Madagaska, Mauritius, Shelisheli, na Ufaransa kwa sababu ya kisiwa chake cha Réunion. Hakuna nchi inayonyang'anywa bahari yake. Inachokubali ni kupima athari kabla ya kujenga, kulinda viumbe kama kasa na nguva, na kutoa taarifa na kusaidiana ajali inapotokea. Uzito wa hilo la mwisho ulionekana Julai 2020, meli Wakashio ilipokwama kwenye matumbawe ya Mauritius na mwezi uliofuata ikamwaga takribani tani 1,000 za mafuta.

Kwa mtu wa Iringa au Mbarali, kipande muhimu zaidi ni itifaki ya mwaka 2010, yaani makubaliano ya nyongeza chini ya mkataba huo, inayohusu uchafuzi wa bahari unaoanzia nchi kavu. Mimi naiona ndiyo roho ya mkataba, kwa sababu inapandisha mazungumzo kutoka ufukweni hadi mabondeni: maji taka ya miji, mbolea, dawa, udongo unaomomoka milimani. Hata uchache wa maji unaigusa bahari. Tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, baada ya maji mengi kuchepushwa kwenda mashamba ya mpunga ya Usangu, wilayani Mbarali. Kule delta, kambamiti hukulia mahali maji baridi yanapochanganyika na ya chumvi. Mto ukipungua, chumvi inapanda ndani, na mvuvi wa Rufiji analipa gharama ya uamuzi uliofanyika Mbarali.

Nilimweleza yule kijana hayo kwa kifupi. Akaniuliza sasa asuuzie wapi. Tukachota ndoo moja, tukalitikisa bomba mbali na ukingo wa mto, na maji yale ya kusuuzia akayapulizia kwenye matuta yaleyale ya nyanya.