Chama kisichogawa faida nacho hukopa

"Kitalipa na nini?" Ndilo swali la kwanza chama cha nyumba, yaani ushirika unaomiliki nyumba kwa pamoja, kinapotaja mkopo, iwe Kampala au Jinja. Wengi hudhani kutogawa faida ni kukosa mapato. Sivyo. Kodi ya wapangaji huingia kila mwezi: inalipa mkopo, inakarabati paa, na ziada ikiwapo hubaki chamani, haiingii mifukoni mwa wanachama.

Dhamana je? Hapo kweli pagumu. Hata hivyo, Sheria ya Ardhi ya Uganda ya 1998 inaruhusu hati ya umiliki wa kimila kuwekwa rehani, isipokuwa hati yenyewe ikiwa na zuio. Na kiwanja kikiwa cha chama, mwanachama anayehama huuza hisa yake kwa bei iliyokubaliwa, si ya madalali. Mimi ningehofia riba zaidi.