Sabuni ya kuyeyusha haihitaji ushike kostiki

Hapa Kigoma ukitaja kutengeneza sabuni nyumbani, watu wanawaza mawese, kostiki soda na watoto kufukuzwa uani. Ndiyo maana shangazi alinikataza nisitengenezee zawadi za harusi jikoni kwake. Kwa sabuni ya mawese, hofu yake ni ya haki kabisa: kostiki inaunguza. Ila hii ya kuyeyusha ni habari nyingine. Kile kipande unachonunua tayari ni sabuni. Kostiki ilishakutana na mafuta kiwandani, vikageuka sabuni na gliserini. Wewe unakikatakata tu, unakiweka kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, kinayeyuka taratibu. Kisichemke, harufu itapaa. Manukato yaingie mwishoni, gramu 10 hadi 20 kwa kilo, na yawe ya kutengenezea sabuni, si pafyumu ya kujipulizia.

Ikiganda, ifunge kwa plastiki siku hiyohiyo. Gliserini huvuta unyevu, na kwa hewa hii ya ziwani, ukiiacha wazi usiku, asubuhi utaikuta ina vitone juu kama paji la uso la mpiga makasia.