Juma na Asha si watoto wote: dhana potofu kuhusu vitabu vya watoto

Ukizungumza na walimu, wazazi au wachapishaji kuhusu haja ya vitabu vya watoto kubeba sura, dini, makabila na maisha ya watoto wa kila aina, hukawii kusikia hoja zilezile. Nimehariri miswada ya watoto kwa Kiswahili na hoja hizi nimezizoea. Nyingi husemwa kwa nia njema kabisa, na ndiyo maana haziishi.

“Hilo ni tatizo la Wazungu. Vitabu vyetu vimejaa Waafrika.”

Kweli, kelele zilianzia kwao. Mwaka 1965 Nancy Larrick wa Marekani alichapisha makala katika jarida la Saturday Review baada ya kuchunguza vitabu vya watoto zaidi ya 5,000 vilivyotoka kati ya 1962 na 1964. Vilivyokuwa na mtu mweusi hata mmoja, kwa maneno au kwa picha, havikufika asilimia 7. Uingereza nako, shirika la CLPE, linaloshughulikia ufundishaji wa kusoma na kuandika shule za msingi, lilipopitia vitabu vya watoto vya mwaka 2017, kati ya 9,115 ni 391 tu vilivyokuwa na mhusika kutoka jamii za Weusi, Waasia au jamii nyingine za wachache. Vilivyompa mtoto wa jamii hizo nafasi ya mhusika mkuu vilikuwa asilimia 1.

Sisi hatuna upungufu wa namna hiyo. Lakini Mwafrika aliyejaa kwenye vitabu vyetu ni yupi? Mara nyingi ni Juma na dada yake Asha, nao wanaishi “kijijini”. Kijiji chenyewe hakina jina, hakina ziwa wala mlima. Baba analima, mama anapika, babu anasimulia hadithi chini ya mti. Tanzania ina makabila zaidi ya 120, Kenya zaidi ya 40, na bado mtoto wa mvuvi wa Kojani, mtoto wa mfugaji wa Longido, mtoto wa Kihindi aliyezaliwa Upanga kama baba yake, na mtoto wa Kihadzabe wa Bonde la Eyasi wote wanapewa kijiji hichohicho. Mtoto wa Lubumbashi, anayezungumza Kiswahili tangu anajifunza kutembea, hata hatumkumbuki tunapoandika.

Mmasai ndiye hukumbukwa kuliko wengine, na hukumbukwa vibaya. Anakuja na shuka, mkuki na ng'ombe, anasimama ukurasa mmoja kama pambo, kisha hadithi inaendelea bila yeye. Hapewi mzaha wala hofu ya mtihani, na hana rafiki anayegombana naye.

Niliwahi kuhariri mswada wa msichana anayeishi Mabatini, Mwanza, kule nyumba zilikopanda mlima juu ya mawe. Michoro ya kwanza ilikuja na msonge wa nyasi, mbuyu na jua linalozama. Nilipompigia mchoraji, kijana hodari sana, aliniuliza kwa unyenyekevu: “Sasa dada, tusipoweka nyumba ya nyasi, watajuaje kwamba ni Afrika?” Nikamwambia wasomaji wetu wanaishi hapahapa, hawahitaji kuambiwa. Tukamtumia picha za simu. Michoro ya pili ilikuwa na ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, mabati yaliyokandamizwa kwa mawe yasipeperushwe na upepo wa ziwa, ndoo za plastiki zilizopangwa kwa rangi, na dishi la king'amuzi juu ya paa lililoinama upande. Huyo sasa alikuwa mtoto wa Mwanza. Maneno ya hadithi hatukuyagusa.

“Mpake mhusika rangi nyeusi, mwite jina letu, kazi imekwisha.”

Jaribio la zamani la namna hiyo tunalo katika Kiswahili chenyewe. Mwaka 1940 ilichapishwa London tafsiri ya kisa cha Alice cha Lewis Carroll, *Elisi katika Nchi ya Ajabu*, kazi ya mmishonari E. V. St Lo Conan-Davies. Ndani yake Elisi amechorwa msichana wa Kiafrika. Naliheshimu wazo hilo. Enzi za ukoloni, vita vikiwa vimepamba moto, kuna mtu aliyeona kwamba msomaji wa Kiafrika anastahili kujiona kwenye picha. Hata hivyo safari anayoipita Elisi ni ileile iliyotungwa kwa ajili ya watoto wa Uingereza mwaka 1865. Sura imebadilika, ulimwengu haukubadilika. Ilipofika 2015, Ida Hadjivayanis alipotoa tafsiri mpya, *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu*, hakukuwa tena na sababu ya kisa hicho kubeba mzigo wa kumwakilisha mtoto wa Kiafrika. Kilikuwa na haki ya kuwa kisa cha kigeni kilichofasiriwa vizuri.

Leo jambo hili hufanywa haraka zaidi, kwa kompyuta. John anakuwa Juma, nywele zinatiwa wino, na hadithi inauzwa kama yetu. Halafu unafungua ukurasa wa tano unakuta familia ya Juma inaota moto sebuleni mwezi Desemba, na nje ya dirisha miti imepukutika majani yote. Desemba ya Dar es Salaam, watu wanalala madirisha wazi! Watoto huona haraka kuliko watu wazima. Hawatakwambia “uwakilishi hapa una kasoro”. Watauliza mbona hawa wanasikia baridi.

“Hadithi za wanyama ndizo salama, hazina kabila wala dini.”

Hoja hii ina ukweli ndani yake. Sungura na Fisi wametulea, na sitaki mtoto yeyote akose ujanja wa Sungura. Lakini mtu akikimbilia wanyama ili asiamue ni mtoto gani amchore, ameshaamua tayari. Kituo cha vitabu vya watoto (CCBC) cha Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Marekani, kinachohesabu mambo haya tangu 1985, kilipopitia vitabu vya mwaka 2018 kilikuta wanyama na vitu visivyo watu wakiwa wahusika wakuu kwa asilimia 27, na wahusika weusi asilimia 10. Mtoto mweusi wa Marekani alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kukutana na dubu kuliko kukutana na mwenziwe.

“Mtoto mwenye ulemavu awekwe ili kufundisha huruma.”

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inavaa nguo ya wema.

Mtazame mtoto mwenye ualbino katika hadithi nyingi tunazoletewa. Anatokea akiwa anatengwa au anawindwa, analia, kisha mwalimu anasimama mbele ya darasa na kueleza kwamba yeye ni binadamu kama wengine. Mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino ni jambo la kweli Tanzania na nchi jirani, wala sisemi tulifiche. Lakini mtoto mwenye ualbino akifungua vitabu kumi na kote akajikuta yumo hatarini, tumemfundisha nini juu ya maisha yake? Na jirani yake wa dawati tumemfundisha nini, zaidi ya kumwonea huruma?

Mwandishi anayemfahamu mtoto huyo angeandika mengine. Angejua kofia ya ukingo mpana na mikono mirefu saa sita mchana. Angejua kuketi dawati la mbele na bado kusogeza kitabu karibu na pua, kwa kuwa ualbino huja na uoni hafifu. Na angejua kwamba mtoto huyohuyo anadanganya kwenye kombolela, anamchongea kaka yake kwa mama, na ana maoni makali kuhusu Simba na Yanga. Acha awe mchokozi wa hadithi. Acha akosee, asamehewe, akosee tena.

Hata vitabu vizuri hunasa hapa. Meshack Asare wa Ghana alimwandika Sosu, mvulana asiyeweza kutembea, ambaye siku ya dhoruba anafika kwenye ngoma na kuwaita watu waje kuokoa kijiji. Kitabu hicho kilipata tuzo ya UNESCO mwaka 1999, na kinastahili. Ninakipenda. Ila hakipaswi kuwa kielelezo pekee, maana mtoto asiye na miguu yenye nguvu asilazimike kuokoa kijiji kizima ndipo apewe nafasi ya kucheza na wenzake.

“Asiyezaliwa hapa asituandikie.”

Barbara Kimenye alizaliwa Uingereza. Akaishi Uganda na Kenya, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 visa vyake vya Moses, mtundu wa shule ya bweni, vimewachekesha watoto wa Afrika Mashariki kizazi baada ya kizazi. Hakuna aliyemuuliza cheti cha kuzaliwa, kwa sababu ukimsoma unasikia bweni lenyewe. Upande wa pili, mtu wa Dar es Salaam aliyezaliwa Ilala anaweza kuandika kuhusu wafugaji wa Kibarabaig bila kuwahi kumsikiliza Mbarabaig hata mmoja, na akatoa upuuzi.

Swali langu kwa mwandishi huwa moja: nani wa jamii hiyo amesoma mswada kabla sijausoma mimi? Swali la mchapishaji ni gumu zaidi, na ni haki aulizwe: kwa nini watoto wa wafugaji wanaandikwa kila mwaka na watu wengine, na miswada ya wafugaji wenyewe haimfikii mezani?

“Vitabu vya ng'ambo vitawapoteza watoto wetu.”

Mtoto wa pwani amecheka na Abunuwasi, aliyemrudishia jirani sufuria pamoja na kijisufuria akidai imezaa, kabla hajajua Baghdad iko wapi. Hakupotea. Mwaka 1990 Rudine Sims Bishop, msomi wa Marekani, aliandika kwamba vitabu ni vioo vya kujiona na pia ni madirisha ya kuwaona wengine, na mtoto anahitaji vyote viwili. Hofu yetu ingekuwa na maana kama ingekuwa juu ya mtoto mwenye madirisha tu, asiye na kioo hata kimoja. Mwandishi Chimamanda Ngozi Adichie alisimulia mwaka 2009 jinsi alivyoanza kuandika akiwa mtoto Nigeria: wahusika wake walikuwa weupe, macho ya bluu, wakicheza kwenye theluji na kula matofaa, kwa kuwa ndivyo vitabu alivyovisoma vilivyokuwa. Dawa haikuwa kumnyang'anya vitabu hivyo. Ilikuwa kumwongezea vingine.

“Havina soko.”

Soko la vitabu vya watoto kwetu ni shule, na shule hununua kilichopata ithibati, ya Taasisi ya Elimu Tanzania au, kwa Kenya, ya taasisi ya mitaala, KICD. Mchapishaji anaogopa kuweka fedha kwenye kitabu kisichofanana na kilichopita mwaka jana. Kenya, tangu 2013, vitabu vinatozwa pia VAT ya asilimia 16. Hayo ni matatizo ya sera na bei, na hayathibitishi kwamba mzazi wa Kojani hatamnunulia mwanawe kitabu chenye ngalawa.

Na zipo njia zisizongoja soko. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini mwaka 2014, umeweka hadithi za picha kwenye intaneti kwa leseni huria, katika lugha nyingi za Afrika zikiwemo Kiswahili, Kiganda na Ng'aturkana. Leseni hiyo inamruhusu mwalimu kuichukua hadithi, kuifasiri, kubadili majina na mahali, kuongeza mistari na kuichapa kwenye karatasi za kawaida. Mwalimu wa darasa la pili mwenye simu na printa ya ofisi ya shule anaweza kuanza muhula huu, na akawaachia wanafunzi wenyewe wachore nyumba.