Loganiberi: tunda lililotokana na chavua isiyogawanyika

Ninapofundisha uzalishaji wa mimea chotara huanza na loganiberi, chotara ya blakiberi na rasiberi, kwa sababu inaonyesha waziwazi kuwa kukutanisha mimea miwili hakutoshi. Lazima hesabu ya kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, ikubali.

James Harvey Logan alikuwa jaji huko Santa Cruz, California, aliyependa bustani. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alitaka kupandanisha blakiberi aina mbili, Aughinbaugh na Texas Early. Aughinbaugh ilikuwa na maua ya kike tu, ikitegemea chavua ya majirani, na jirani mmojawapo alikuwa Red Antwerp, rasiberi nyekundu. Logan alipozisia mbegu za Aughinbaugh, mche mmoja ulizaa matunda marefu mekundu ambayo hakuyatarajia: ndiyo loganiberi.

Hapa ndipo penye utamu. Rasiberi ina kromosomu 14, na kwa kawaida kila chembe ya chavua hubeba 7. Aughinbaugh ina 56, nayo hutoa 28 katika yai lake. Jumla ingekuwa 35, idadi isiyogawanyika kwa jozi, na mmea wa namna hiyo kwa kawaida huzaa kwa shida au hauzai kabisa. Lakini safari hii chavua ya rasiberi ilikuja na kromosomu zote 14 bila kugawanyika. 28 na 14 ni 42: seti sita kamili za kromosomu saba. Ndiyo maana loganiberi inazaa vizuri, tena hujichavusha yenyewe.

Ukilichuma, moyo mweupe hubaki ndani ya tunda, kama blakiberi. Rasiberi huuacha kwenye kikonyo. Harufu yake ni ya rasiberi, ukali ni wake. Wengi hulichuma mapema mno, likiwa jekundu tu. Lisubiri ligeuke rangi ya zambarau. Kwa kuwa ni laini na halivumilii safari, sehemu kubwa huishia kwenye jamu, makopo na juisi. Fito zake hutambaa, hivyo hufungwa kwenye waya, na huzaa mwaka wa pili kisha hufa.

Baadaye huko Uskoti, mzalishaji wa mimea Derek Jennings aliifuata hesabu hiyohiyo kwa kukusudia: blakiberi Aurora, yenye kromosomu 56, na rasiberi iliyoongezewa hadi 28, ili chavua yake ya kawaida ibebe 14. Chotara hiyo, tayberry, ikatolewa kwa wakulima mwaka 1979, ikiwa na kromosomu 42 na tunda kubwa, tamu kuliko la Logan.