Njia ya mwendokasi haiko tupu, shemeji

Ijumaa iliyopita nilikuwa kwenye kikao cha harusi, Sinza, Dar es Salaam. Kilipangwa kuanza saa kumi na moja jioni, kikaanza saa moja usiku kwa sababu nusu ya wajumbe walikuwa kwenye foleni. Shemeji yangu mmoja, mhasibu, mtu mwenye busara zake, aliingia wa mwisho. Akaweka funguo za gari mezani, na kabla hajasalimia watu vizuri akanigeukia: "Shemeji, nyie watu wa barabara mna roho gani? Nimekaa pale Magomeni dakika arobaini. Pembeni yangu njia ya mwendokasi nyeupe kabisa, hakuna kitu. Si mtufungulie tupite?"

Kikao kizima kikamuunga mkono.

Mimi ni mtaalamu wa usafirishaji, na maneno hayo nimeyasikia tangu Mei 2016, mabasi ya mwendokasi, yaani yale yenye njia yao peke yake, yalipoanza kutoka Kimara kwenda Kivukoni, Gerezani na Morocco. Nimeyasikia msibani, kwa kinyozi na kwenye lifti ya ofisini. Kila mara najibu kwa sentensi mbili, halafu mazungumzo yanahamia kwenye bei ya ukumbi. Safari hii nimechoka, najibu kwa urefu.

Tuanze na macho yako. Chukua mabasi 30 kwa saa kwa uelekeo mmoja, yaani basi moja kila dakika mbili. Lile basi refu lenye kiungo katikati lina mita 18. Likienda kilomita 25 kwa saa, linapita mbele ya dirisha lako kwa sekunde tatu hivi. Kwa hiyo katika kila sekunde 120 ulizokaa hapo, sekunde 117 unaangalia lami. Umetazama simu, umejibu ujumbe, umeinua kichwa: lami. Basi limepita ulipokuwa umeinama, na ndani yake walikuwemo watu zaidi ya mia moja.

Sasa tazama njia yako wewe. Njia moja ya magari isiyo na mataa, mambo yakienda vizuri, inapitisha magari kama 1,800 kwa saa. Lakini Barabara ya Morogoro ina mataa. Ukipata kijani nusu ya muda umebahatika sana, basi shika magari 900. Kila gari nakupa watu wawili, na hapo nimekupa kwa ukarimu, kwa sababu ukigeuza shingo kwenye foleni ya asubuhi utaona mengi yana dereva peke yake na koti limening'inia nyuma. Jumla ni watu 1,800. Yale mabasi 30, kila moja na watu 120, ni watu 3,600. Yakiwa 60 kwa saa, basi moja kila dakika, ni watu 7,200, na bado ukikaa kwenye gari lako utaiona njia iko wazi karibu muda wote.

Jicho linahesabu magari. Sisi tunahesabu vichwa.

"Mtufungulie." Sawa, tufanye tumefungua. Foleni ya Magomeni haizaliwi katikati ya barabara, inazaliwa kwenye makutano. Ukifungua njia ya mwendokasi kuanzia Manzese, kwa siku chache za mwanzo utapita kweli, sitakudanganya. Umeongeza mstari mmoja kwenye taa, na mstari huo unapitisha magari yake 900. Halafu jirani yako aliyekuwa anaondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni anaanza kuondoka saa moja kama wewe. Aliyekuwa anazungukia njia za ndani anarudi barabara kuu. Aliyekuwa anaacha gari nyumbani kwa sababu basi linawahi sasa haoni sababu ya kuliacha, maana basi lenyewe limesimama nyuma ya magari 15 likisubiri kijani. Mwezi haujaisha, wote mmesimama, pamoja na wale 3,600.

Wanaoishi Kibamba na Mbezi wananielewa. Kimara hadi Kibaha barabara ilipanuliwa ikawa njia nane. Unakimbia vizuri, halafu unaingia mjini na kukutana na kila mtu aliyekimbia vizuri. Sisemi barabara ile haikustahili kujengwa. Nasema upana wa huku hautibu makutano ya kule.

Na si nadharia tu. Delhi, India, walifungua njia ya mabasi mwaka 2008, karibu kilomita sita, kutoka Ambedkar Nagar hadi Moolchand. Wenye magari wakalalamika kwa maneno yale yale ya shemeji: sisi tumebanana, mabasi yamepewa nafasi. Kesi ikafika Mahakama Kuu. Mwaka 2012 mahakama ikakataa kuwapa njia ile. Kelele hazikwisha, na mwaka 2016 serikali ikaibomoa. Lazima niongeze kwamba ile njia ilikuwa na kasoro za kweli: ilikuwa fupi, na mataa yake yalisimamisha watu muda mrefu mno. Lakini iliyoshinda pale ilikuwa sauti ya aliye kwenye gari. Ndiye anayepiga simu redioni na ndiye anayemjua mhariri. Aliye kwenye basi ameshika bomba kwa mkono mmoja na mkoba kwa mwingine, hana mkono wa kupigia simu.

Hili ndilo linaloniudhi kuliko hesabu zote. Kwenye vikao tunavyoamulia mambo ya barabara, maegesho ya nje yanajaa magari yetu. Mimi pia nina gari. Tunaijua barabara kwa kuitazama kupitia kioo cha mbele, halafu tunasema "wananchi wanalalamika" tukimaanisha sisi wenyewe. Wakazi wengi wa Dar es Salaam hawana gari. Asubuhi wanatembea kwa miguu, wanapanda daladala, bajaji au bodaboda, au mwendokasi. Ukisema "foleni inatutesa", aliyesimama kwenye daladala foleni hiyo hiyo inamtesa pia, na hana kiyoyozi.

Ila shemeji si mjinga wala hana roho mbaya. Anachokisema kina historia. UDA, shirika la umma la mabasi ya jiji, ilianzishwa mwaka 1974, mabasi yakapungua mwaka hadi mwaka, na mwaka 1983 watu binafsi wakaruhusiwa kubeba abiria kihalali. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu watu waliyoiita dala, na konda akaita "dala dala!" mpaka jina likabaki. Tangu hapo vizazi viwili vimekulia kwenye kugombania mlango, kuingia kwa dirisha, mwanafunzi kusukumwa nje kwa sababu nauli yake ni ndogo, na kugeuza, yaani kulipa nauli ya kurudi hadi mwisho wa ruti ili tu upate kiti. Mtu aliyepita huko miaka 15, siku anayonunua gari lake la mkononi kutoka Japani anajiona ametoka kifungoni. Ukimwambia arudi kwenye basi, anasikia unamwambia arudi gerezani. Watu wanasema tunapenda magari kwa ufahari. Ufahari upo, lakini nadhani unapewa lawama nyingi mno. Wengi ninaowajua walikuwa wanakimbia kitu.

Na hapa kuna jambo ambalo vitabu vyetu vinalipitia juu juu. Tulifundishwa kwamba abiria anapiga hesabu ya muda na nauli, na kwamba dakika ya kusubiri kituoni inamuuma zaidi ya dakika ya kuwa safarini. Hilo kweli, na lina maana kubwa. Lakini fomula niliyofundishwa haina mahali pa kuandika kwamba dada mmoja niliyefanya naye kazi aliacha kabisa kupanda mabasi ya jioni kwa sababu ya mikono ya wanaume kwenye msongamano. Akakopa, akanunua kigari. Kwenye takwimu zangu yule dada angehesabiwa kama "aliyevutiwa na gari". Hakuvutiwa na kitu. Sijui namna nzuri ya kuliingiza jambo hilo kwenye modeli, na sijaona aliyefanikiwa kulifanya kwa namna iliyoniridhisha.

Sasa nifike kwenye lile ambalo shemeji alikuwa na haki nalo bila kujua.

Hesabu yangu yote hapo juu imesimama juu ya neno moja dogo: kama. Kama mabasi 30 yapo. Ukikaa kwenye gari lako, njia yenye mabasi 30 kwa saa na njia yenye mabasi matano kwa saa zinafanana kabisa, zote ni lami. Tofauti huioni barabarani, unaiona kituoni. Na vituoni kwetu, kuna siku nyingi ambazo njia ni tupu kweli. Huduma ilianza na mabasi 140. Karakana ya Jangwani ilijengwa bondeni mwa mto Msimbazi, na mvua kubwa zikija bonde linafurika. Mabasi yanazeeka, yanaharibika, vipuri vinasubiriwa. Njia ya Mbagala ilikamilika ikakaa muda mrefu na lami yake nzuri na vituo vyake vizuri, mabasi hayapo. Mkazi wa Mbagala aliyesema "ile njia iko tupu" alikuwa anasema kweli tupu, na mtaalamu aliyemjibu kwa hesabu kama zangu alimkosea heshima.

Mwaka juzi nilisimama asubuhi kwenye kituo kimoja cha mwanzo wa njia, kazi yangu ikiwa kutazama watu wanavyopanda. Kulikuwa na mama mmoja na mtoto wa darasa la pili au la tatu, sweta la shule na begi lililomzidi mgongo. Basi la kwanza likaja, milango ikafunguka, watu wakasukumana kama maji. Mama akamvuta mtoto nyuma. Basi la pili, vile vile. La tatu lilichelewa sana, na lilipofika mama alimnyanyua mtoto kifuani na begi lake, akageuka mgongo, akaingia kinyumenyume, akimkinga mtoto kwa mwili wake. Mlango ukafunga, nikaona kiganja cha yule mtoto kimebandikwa kwenye kioo. Mle ndani hakukuwa na nafasi hata ya kushusha mguu. Mimi nina shahada mbili za usafirishaji, na siku ile niliandika kwenye daftari: "abiria wamepanda".

Kwa hiyo, shemeji, njia ikiwa tupu kwa sababu hakuna mabasi, tiba yake ni mabasi. Kuingiza magari yako mle ni kuhakikisha kwamba hata mabasi yakinunuliwa kesho, hayatakuwa na pa kupita. Ukishawapa wenye magari njia, hutawatoa tena.

Kuna jambo jingine tuwaambie watu kwa uwazi: mwendokasi haukuja kumaliza foleni ya magari. Waliposema utaimaliza, walikosea kuahidi. Wengi waliohamia mwendokasi walitoka kwenye daladala. Gari moja likitoka barabarani, lingine lililokuwa linaogopa foleni linaingia. Faida ya mabasi ni kwamba aliye ndani yake asikae kwenye foleni hiyo. Faida ya aliyebaki kwenye gari ni ndogo, na sitamdanganya.

Je, mitazamo inabadilika? Inabadilika, lakini haibadiliki kwa semina wala mabango. Stockholm, Sweden, walipanga kutoza magari yanayoingia katikati ya jiji. Kabla ya kuanza, wengi walipinga. Wakafanya majaribio kuanzia Januari hadi Julai 2006, magari yakapungua kwa takriban asilimia 20, watu wakaona kwa macho yao. Septemba mwaka huo huo wakapiga kura, na wakazi wa jiji wengi wao wakakubali. Watu walikuwa wale wale. Ila zingatia kwamba mabasi ya nyongeza yalikuwa yamewekwa barabarani kabla tozo halijaanza, nayo treni ilikuwapo miaka mingi. Mtu alikuwa na pa kuhamia. Kwetu, ukileta tozo kesho, unamhamishia wapi?

Na wala hatuhitaji kwenda Ulaya kupata ushahidi. Treni ya umeme ilianza kwenda Morogoro Juni 2024, na Dodoma Julai mwaka huo. Wale wale walioniapia kwamba Mtanzania mwenye gari haachi gari lake, leo wananitumia picha wakiwa wamekaa kwenye behewa, chai mezani, wanafika Dodoma chini ya saa nne. Hakuna aliyewahutubia. Kuna kiti, kuna muda unaojulikana, na hakuna anayekusukuma.

Kikao kijacho cha harusi ni Ijumaa. Nimemwomba shemeji aache gari nyumbani, apande Posta ya Zamani na kushuka Shekilango, na kutoka pale bajaji ya dakika chache. Amekubali, shingo upande. Nimemwambia apande saa kumi na nusu, kabla watu hawajamwagika kutoka maofisini. Nimemwambia pia ahesabu vichwa kwenye magari watakayoyapita pale Magomeni, na mimi nitamsubiri kituoni kuanzia saa kumi na moja. Asipopata basi kwa nusu saa, ataenda kuchukua gari lake, na kwenye kikao kile sitakuwa na la kumjibu.