Ufafanuzi kuhusu Sara, Hajiri na Madai ya "Mke wa Kuzaa"

Katika miezi ya karibuni Dawati la Ndoa na Familia limepokea malalamiko mengi yanayofanana kutoka kwa wanandoa waliokaa miaka kadhaa bila mtoto, na mara nyingi upande mmoja huja na Biblia iliyokwisha kufunguliwa kitabu cha Mwanzo, sura ya 16, ukidai kwamba Maandiko yanamruhusu mume kuchukua "mke wa kuzaa", yaani mwanamke mwingine wa kumzalia mtoto. Wiki chache zilizopita mama mmoja aliiweka yake juu ya meza yangu, ukurasa umealamishwa kwa tiketi ya basi, mstari wa 2 umepigiwa wino mwekundu pale Sarai (baadaye Sara) anapomwambia mumewe Abramu (baadaye Ibrahimu) aingie kwa mjakazi wake Hajiri, huku mstari wa 6, unaosema kwamba Sarai alimtesa Hajiri hata akakimbia, ukiwa haujaguswa. Mwanawe na mkwewe walikaa kimya pembeni. Kwa kuwa mimi hufundisha Agano la Kale, na Dawati huniomba maoni kila hoja hii inapoletwa, nimeelekezwa kuandika ufafanuzi huu kwa faida ya waumini wote.

Ieleweke kwanza kwamba alilolifanya Sarai halikuwa wazo la ghafla. Ulikuwa ni utaratibu uliofahamika katika nchi zile, na wenye masharti yaliyoandikwa. Huko Kanesh, mji wa biashara wa Waashuru katika nchi ambayo leo ni Uturuki, limepatikana bamba la udongo la karne ya 19 kabla ya Kristo lenye mkataba wa ndoa wa Laqipum na mkewe Hatala: mke asipompatia mumewe mtoto ndani ya miaka 2, yeye mwenyewe atanunua mjakazi, na mjakazi huyo akishazaa anaweza kuuzwa, atakayemwacha mwenzake, awe mume au mke, atalipa mina 5 za fedha, yaani takriban kilo 2.5. Mabamba ya Nuzi, karibu na Kirkuk nchini Iraki, ni ya karne kadhaa baadaye, na moja linasema kwamba mke aitwaye Kelim-ninu akizaa, mumewe Shennima hataoa mke mwingine, na asipozaa, ni yeye atakayemtafutia mumewe mwanamke kutoka nchi ya Lullu.

Sheria za Hammurabi wa Babeli zinakwenda mbali zaidi, na naomba msomaji anivumilie hapa, kwa sababu ugomvi wote wa hema la Ibrahimu umo katika vifungu vichache. Kifungu cha 144 kinahusu mke wa daraja la wanawake waliowekwa wakfu, ambao waliruhusiwa kuolewa lakini hawakuruhusiwa kuzaa: akishampa mumewe mjakazi na watoto wakapatikana, mume hana ruhusa ya kuongeza mke mwingine. Kifungu cha 146 kinasema mjakazi aliyezaa akianza kujilinganisha na bibi yake, bibi hawezi kumuuza, lakini atamtia alama ya utumwa na kumhesabu pamoja na wajakazi. Kifungu cha 147 kinaongeza kwamba kama hakuzaa, bibi yake anaweza kumuuza. Vifungu vya 170 na 171 vinagusa urithi: baba akiwa hai akiwaambia watoto wa mjakazi "wanangu", watagawana mali na watoto wa mke, asipotamka hivyo, hawarithi, ila wao na mama yao wanaachwa huru.

Msomaji akirudi sasa kwenye Mwanzo ataona kwamba Hajiri alipopata mimba na kumdharau bibi yake, wote watatu walijua wamesimama wapi. Abramu anajibu kama mtu anayesoma kifungu: mjakazi yumo mkononi mwako, mtendee lililo jema machoni pako. Miaka mingi baadaye, kwenye karamu ya kumwachisha ziwa Isaka, mwana aliyemzaa Sara mwenyewe, Sara hadai Ishmaeli, mwana wa Hajiri, auawe wala auzwe, anadai afukuzwe na asirithi. Ibrahimu akaona vibaya sana, kwa kuwa huyo alikuwa mwanawe, aliyezaliwa Ibrahimu akiwa na miaka 86, na aliyetahiriwa na baba yake huyo alipokuwa kijana wa miaka 13. Asubuhi yake akampa Hajiri mkate na kiriba cha maji. Mali ya mtu mwenye makundi ya kondoo na ng'ombe, na mgawo wa mama na mtoto ni kiriba kimoja, kilichoisha katika nyika ya Beer-sheba.

Sasa nije kwenye dhana potofu, ambazo tumezieleza hadharani zaidi ya mara moja na bado zinarudi. Waume wanaosema "hata Ibrahimu alifanya" wasome tena ni nani aliyefanya. Katika mikataba niliyotaja na katika Mwanzo vilevile, anayemtoa mjakazi ni mke. Abramu alisikiliza sauti ya Sarai, na kwa Yakobo, Raheli ndiye aliyempa mjakazi wake Bilha, kisha Lea akampa mjakazi wake Zilpa. Mume anayemleta mwanamke nyumbani kwa kumlazimisha mkewe, au kwa kusukumwa na mama yake mzazi, hana mfano hapo.

Wapo pia wanaosema Hajiri alikuwa mama wa kubeba mimba kwa niaba ya wengine, kama wanavyofanya baadhi ya watu siku hizi kwa makubaliano na hospitali. Hajiri hakuulizwa. Hakulipwa. Katika sura nzima ya 16 Sarai na Abramu hawamtaji kwa jina wanapozungumza, ni "mjakazi wangu" na "mjakazi wako". Wa kwanza kumwita Hajiri ni malaika, kwenye chemchemi iliyo katika njia ya Shuri.

Tena mtoto hakuwa wa Sarai kama alivyotarajia, kwani mwishoni anamwita mwana wa mjakazi huyu. Raheli alifanikiwa zaidi, maana Dani na Naftali aliwapa majina mwenyewe, lakini siku Yakobo alipoogopa kwamba Esau anakuja na watu 400, aliwapanga wajakazi na watoto wao mbele, Lea na wanawe nyuma yao, Raheli na Yusufu mwisho kabisa. Watoto wa umri ule hawasahau nani aliwekwa mbele ya panga.

Kuhusu tunguja za Reubeni, mwana wa Lea, zilizodhaniwa kusaidia kupata mimba, na ambazo Raheli alizinunua kwa kumwachia Lea usiku mmoja wa mume, tafadhali msiende kuchuma ndulele barabarani. Tunguja ni jina jingine la ndulele, na watafsiri wetu walitumia jina la mmea waliouona karibu. Mmea wa Kanaani ni mwingine, wenye mzizi mnene unaofanana na umbo la mtu. Na aliyepata mimba baada ya biashara ile ni Lea, aliyeziuza.

Isaka hutajwa mara chache katika mabishano haya. Alioa akiwa na miaka 40, akapata mapacha akiwa na miaka 60, na kwa miaka hiyo 20 Maandiko yanasema alimwomba Bwana kwa ajili ya mkewe. Hakuna mjakazi anayetajwa. Aidha, Kumbukumbu la Torati 7:14 linataja utasa wa mume pamoja na wa mke, jambo ambalo familia nyingi zinazofika kwetu hazitaki kulisikia.

Makala haya si ushauri wa kisheria. Hata hivyo, wanaoishi Tanzania wafahamu kwamba kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa ya Wakristo wawili iliyofungwa kanisani haiwezi kugeuzwa kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili wanaendelea kukiri imani hiyo, na kwamba kuasili mtoto huhitaji amri ya mahakama. Karatasi ya kukabidhiana mtoto iliyosainiwa mbele ya mjumbe haitoshi.

Wenye shauri waandike barua kupitia kwa mchungaji wao, wakiambatanisha nakala ya cheti cha ndoa na majibu ya vipimo vya hospitali vya wote wawili, mume akiwemo. Kikao cha kwanza ni cha mume na mke peke yao. Wazazi wataitwa kwa barua iwapo Dawati litaona ipo haja, na hawatapokelewa bila barua hiyo.