Modeli ya kihisabati ya mtandao wa gesi: maana yake

Modeli ya kihisabati ya mtandao wa gesi ni mkusanyiko wa milinganyo inayoeleza ni gesi kiasi gani inaweza kupita katika kila bomba, kwa shinikizo lipi, na itamfikia mnunuzi kwa bei gani. Hapa Goma dhana hii inatuhusu kwa karibu, kwa kuwa katika kina cha Ziwa Kivu, lile lile tunalochota maji na kuvua sambaza, kumeyeyuka takriban kilomita za ujazo 60 za methani. Upande wa Rwanda, karibu na Kibuye, mtambo wa KivuWatt wenye megawati 26 huigeuza kuwa umeme. Lakini tukitaka gesi yenyewe ifike katika majiko ya mitaa yetu ya Himbi au Ndosho badala ya makaa, tutahitaji mabomba, na mabomba huanza na hesabu.

Kanuni ya kwanza ni nyepesi: gesi inayoingia katika kiungo cha mabomba lazima ilingane na inayotoka humo pamoja na inayotumika hapo.

Kanuni ya pili ndiyo kiini. Maji hayabanwi, ila gesi hubanwa, na kadiri shinikizo linavyoshuka njiani ndivyo inavyotanuka na kukimbia zaidi, ikizidi kusuguana na bomba. Kwa sababu hiyo fomula ya Weymouth, ya mwaka 1912, inayokokotoa mtiririko wa gesi bombani, haitazami tofauti ya shinikizo la mwanzo na la mwisho, bali kwanza huzidisha kila shinikizo kwa lenyewe, kisha hutazama tofauti ya majibu hayo mawili, na mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha tofauti hiyo, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huirudisha. Tuseme gesi inaingia kwa bari 70 (bari ni kipimo cha shinikizo) na kutoka kwa bari 50: 4,900 kutoa 2,500 ni 2,400. Tukishusha shinikizo la mwisho hadi bari 40, tunapata 3,300. Tofauti ya shinikizo imeongezeka kwa nusu nzima, kutoka bari 20 hadi 30, lakini mtiririko umeongezeka kwa asilimia 17 tu. Upana wa bomba una nguvu kubwa zaidi: kwa fomula hiyo hiyo, kipenyo kikiwa mara mbili, mtiririko huwa zaidi ya mara sita. Anayejua taabu ya kuchimba mtaro katika mwamba wa volkano wa mji huu ataona mara moja uzito wa jambo hilo.

Soko huingia kupitia bei ya kila kiungo. Bomba likiwa na nafasi, bei za ncha zake mbili hutofautiana kwa gharama ya usafirishaji peke yake. Likijaa, bei ya upande wa wanunuzi hupanda bila kujali wingi wa gesi iliyoko chanzoni. Ndiyo maana naona ni kosa kukokotoa bei kwanza na mabomba baadaye: mtu anaweza kuuza gesi isiyoweza kufika.

Modeli kamili huongeza pia muda. Bomba lenyewe ni ghala, kwa kuwa usiku, matumizi yakipungua, gesi huendelea kusukumwa ndani yake na shinikizo hupanda. Jioni, nyumba nyingi zinaposonga fufu kwa wakati mmoja, akiba hiyo hutumika na shinikizo hushuka tena.